Zamu ya Kumbeba Chelangat

Watu wa rika langu wakisikia harufu ya chai ya kanisani hutabasamu. Unaijua hiyo harufu: majani yaliyochemka kupita kiasi, maziwa yaliyoshika moshi wa kuni, sukari iliyomwagwa bila kipimo, yote ndani ya sufuria moja unayoweza kumwogeshea mtoto. Juzi nilikwenda nyumbani kwa harusi ya binamu yangu. Akina mama wakafunua ile sufuria, mvuke ukanipiga usoni kabla sijajiandaa. Wenzangu walikimbilia vikombe. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari la watu, nikitetemeka, mpaka mtu mmoja akaniuliza kama nina malaria. Sina malaria. Nina hasira, ni ya miaka mingi, na sioni sababu ya kuipamba.

Chelangat ni dada yangu mkubwa, amenizidi miaka tisa. Homa ilimshika kabla hajatimiza miaka miwili, na ilipomwachilia miguu yake haikufanya kazi tena. Tulikuwa wawili tu na wazazi wetu, kwenye shamba dogo la majani chai upande wa Konoin, kando ya barabara ya murram inayopita juu ya kilima. Alikuwa na kiti cha magurudumu alichopewa na hospitali ya misheni, na fundi wa baiskeli wa soko la Mogogosiek ndiye aliyeziba tairi zake. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya Baba. Nyumbani Baba alikuwa ameshindilia udongo mbele ya mlango ukawa mteremko mzuri, na choo chetu kilikuwa na mlango mpana, bila kizingiti. Kazi yote hiyo aliifanya kwa siku tatu, peke yake, kwa jembe na sepetu. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi sijalisahau.

Jumapili asubuhi Chelangat alijiendesha mwenyewe mpaka kanisani, mimi nikikimbia kando yake na Biblia mbili kwapani. Hakutaka nimsukume hata kidogo. Alifika hivyo mpaka chini ya ngazi, na hapo ndipo watu walipomchukua.

Ngazi zilikuwa tisa. Kwetu kila kitu kimejengwa kwenye mteremko, nyumba, zizi, hata kituo cha kupimia majani, na waliolijenga kanisa letu walizipenda zile ngazi kuliko madhabahu yenyewe. Zilikuwa za mawe ya kuchonga, zimepigwa simiti, na picha zote za harusi zilipigwa pale. Juu, mlangoni, kulikuwa na karatasi tatu zilizobandikwa: zamu ya kufagia, zamu ya maua, na zamu ya kumbeba Chelangat. Majina manne kila wiki, wazee na vijana wakibadilishana. Baba naye alikuwa na zamu yake kama wengine.

Hapo niseme ukweli: nilimwonea wivu. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeona watu wawili tu wakibebwa na wanaume wazima. Mmoja ni mheshimiwa aliyeshinda uchaguzi, akapandishwa mabegani sokoni huku watu wakipiga mbinja. Wa pili ni dada yangu. Mtoto wa darasa la tatu angefikiri nini? Nilijua Chelangat ni mtu mkubwa. Shuleni nilijisifu kwamba dada yangu ana wanaume wanne wa kumbeba, na mwenye dada kama huyo ajitokeze. Wakishampandisha, kiti kilibaki chini kwangu, na sisi watoto tulikalia kwa zamu tukiteremka nacho mpaka getini, tukipiga kelele. Siku nyingine ibada ilikwisha na kiti kikiwa mbali kule chini, na Chelangat akakaa juu mlangoni akingoja tuchoke kucheza.

Sikuyaona aliyoyaona yeye. Mmoja alimshika kwapa la kulia, mwingine la kushoto, wawili wakashika miguu. Mikono hiyo hakuichagua. Mwingine alinuka tumbaku, mwingine alimfinya bila kujua, mwingine alijua. Sketi ilipanda. Alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa fundi mzuri wa cherehani, basi akatia kamba kwenye pindo la kila sketi yake ya Jumapili, akawa anaifunga chini ya vifundo kama mdomo wa gunia la majani. Nilidhani ni fasheni. Nilimwomba anishonee na mimi ya namna hiyo, akanishonea.

Utauliza kwa nini aliendelea kwenda. Alikwenda kwa sababu aliimba. Alikuwa sauti ya pili katika kwaya, na yeye ndiye aliyewafundisha wenzake, maana alisikia kosa likiwa bado kooni mwa mtu. Kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi aliona cherehani na mistari ya chai ikishuka bondeni. Jumapili alikuwa na marafiki, walimtania, walimbishia, walibadilishana vitambaa. Hicho ndicho alichokitaka, aingie mle ndani aimbe, kama mtu yeyote.

Sasa nije kwenye chai. Kuanzia Jumamosi saa kumi jioni Chelangat hakunywa kitu. Uji wake alinipa mimi. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, ambayo aliyapenda kuliko nyama, aliyasogeza kando. Jumapili ibada ilianza saa tatu ikaisha saa nane, kisha watu wakanywa chai, na yeye akakaa katikati yao, mikono mapajani, akitabasamu. Nilimwuliza Mama kwa nini. Mama aliniambia nimwache, akageuza uso. Mimi nikatafuta jibu mwenyewe, na wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa Sunday school alikuwa ametufundisha juu ya kufunga. Nikanyoosha mkono.

"Teacher, dada yangu hufunga kila wiki. Hata maji hagusi."

Nilipigiwa makofi ya kilo. Jumapili iliyofuata Pastor alilitangaza madhabahuni. Alimnyooshea Chelangat kidole pale alipoketi na kwaya, akasema, "Huyu hana miguu ya kutembea, lakini ako na magoti ya kuomba! Nyinyi mlio na miguu, mko wapi?" Watu wakaitikia amina. Tangu siku hiyo akina mama walianza kuja kwetu na haja zao: ng'ombe ameharibu mimba, mtoto anafanya mtihani, bwana amepotelea Nairobi. Walimwita mtu wa maombi. Na kwa kuwa walikuja hata Jumamosi jioni bila taarifa, hakuweza tena hata kulowesha midomo kwa maji akiwa sebuleni kwetu. Mlango huo nilimfungia mimi, nikijiona nimefanya jambo kubwa.

Nilikuwa nangoja anishukuru. Jumapili moja nikamkuta jikoni, kabla hatujaondoka, amelowesha kitambaa na kukipitisha midomoni. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Utaharibu kufunga kwako," nikamwambia.

Alikiweka kitambaa chini polepole. Tuliongea Kikipsigis, lugha ya nyumbani, lakini maneno yake nayakumbuka yote.

"Cherono, choo cha kanisa kiko wapi?"

"Chini. Unapita miti ya blugamu, unaruka mtaro."

"Na mlango wake?"

"Mwembamba. Na ndani kuna yale mawe mawili ya kukanyaga."

"Sasa mimi nikibanwa katikati ya mahubiri, nani ananipeleka?"

Nilifurahi kwa sababu jibu nililijua. "Watu wa zamu! Leo ni Mzee Koskei, na Baba, na wale vijana wawili wa kiwandani."

Alinitazama tu, akaendelea kunitazama, mpaka nikaanza kuiona ile picha yenyewe: wanaume wanne, mtaro, mlango mwembamba, yale mawe mawili. Nikaacha kutabasamu.

"Hapo sasa umeelewa," alisema. "Na usimwambie mtu. Mama anajua na hasemi."

Aliandika barua kwa baraza la wazee, Baba akaipeleka. Aliomba vitu viwili: njia ya mteremko ya simiti kando ya ngazi, na choo cha karibu chenye mlango mpana. Hakueleza sababu ya choo. Alichora picha kwa penseli, akaandika vipimo alivyovichukua kwa futi yake ya kushonea, nilipomsaidia kupima kiti.

Mzee Koskei, mwenyekiti wa baraza, alikuja kwetu pamoja na Pastor. Mzee Koskei na Baba walikuwa rika moja, walitoka jandoni pamoja, na kwa desturi yetu mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Walikaa kwenye viti vyenye vitambaa. Mimi nilipewa birika.

"Chelangat, mama," alianza Mzee, "tulisoma hiyo barua. Tuliumia. Kuna mtu alikuambia tumechoka?"

"Hapana, Baba."

"Kuna siku tulikuangusha?"

"Hapana."

"Sasa hiyo simiti ni ya nini? Mtu akiwa na mtoto, si anabeba? Sisi hatujalalamika. Tunapata baraka kukubeba."

"Nataka kuingia mwenyewe, Baba. Vile naingia hapa nyumbani."

Pastor akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwenyewe, mwenyewe. Hiyo ni roho ya siku hizi, dada yangu. Kanisa ni mwili mmoja. Ukikataa kubebwa, unanyima wenzako nafasi ya kutumika."

Nilimtazama Baba. Huyu ndiye aliyeshindilia ule udongo nje, ambao viatu vya wageni vilikuwa vimeukanyaga dakika tano zilizopita. Angeweza kusema, twendeni nje niwaonyeshe. Alitazama kofia yake.

Mzee Koskei aligeuza barua upande wa pili, akacheka, tena cheko la upendo, hakuwa mtu mbaya. "Na hii choo? Wewe si hufunga? Choo ya nini?"

Wakacheka wote. Baba naye alitabasamu kidogo kwenye ile kofia yake.

Nataka uelewe kwamba Chelangat hakuwa mwoga. Lakini msichana wa Kikipsigis hawezi kukaa mbele ya wazee wa rika la baba yake akataja mkojo. Haifanyiki. Hata aliyekosa adabu kabisa angemeza ulimi. Mtoto mdogo angeweza. Mtoto wa miaka tisa akiropoka anafukuzwa aende jikoni, na kesho yamesahaulika. Nilikuwa nimesimama pale, na sentensi nzima nilikuwa nayo mdomoni. Chelangat aliinua macho akaniangalia. Alikuwa amenikataza kusema, na sasa sikujua kama macho yale yananikataza au yananiomba. Nikamimina chai. Nilimimina mpaka kikombe cha Mzee kikafurika kwenye sahani, nikagombezwa kwa kumwaga. Wakaomba, wakasema watalishughulikia, wakaondoka.

Na kweli walilishughulikia. Wiki chache baadaye nilianza kuona mambo nikipita kanisani kutoka shule, na kila jioni Chelangat aliniuliza.

"Wameleta mbao," nikamwambia.

"Mbao za kushikilia simiti," alisema. "Zinatangulia."

"Leo kulikuwa na randa. Seremala wa kiwandani yuko pale."

"Ni mbao za kuibana simiti pembeni. Ni lazima zinyooke." Alikuwa akieleza kama fundi wa miaka mingi.

Kisha ikatangazwa kwamba Jumapili ijayo kutakuwa na ufunguzi, kanisa limesikia kilio cha dada yetu, na kwaya ijiandae. Shule zikafungwa wiki hiyo, nikawa sipiti tena pale. Jumamosi ile saa kumi jioni ilipita na Chelangat akanywa uji. Jumapili asubuhi, mvua nyepesi ikinyesha, alikaa jikoni akanywa chai. Vikombe viwili vya maziwa mengi, taratibu, akivishika kwa mikono yote miwili. Mama alimwangalia akinywa, akalia, akijifuta kwa kona ya leso. Sikuwahi kumwona dada yangu akiendesha kile kiti kwa kasi kama siku hiyo. Nilichoka njiani nikawa namwona mgongo tu.

Chini ya ngazi watu walikuwa wamejipanga pande mbili. Katikati palikuwa na kiti. Kiti cha mbao kilichopakwa vanishi, chenye mto mwekundu uliofumwa kwa sufu, na chini yake kumepigiliwa miti miwili mirefu, ncha zake nne zimezungushiwa kitambaa laini ili mabega ya wabebaji yasiumie. Kando ya ngazi palikuwa na nyasi kama zamani.

"Tumeona kumbeba kwa mikono si heshima," Pastor alisema kwenye spika, sauti ikitoka mle ndani na kurudi kutoka bondeni. "Sasa dada yetu atabebwa kama malkia! Dada ambaye amefunga kwa ajili ya siku hii!"

Walimpigia vigelegele. Mzee Koskei alisogea, amevaa suti yake ya kahawia, uso umejaa furaha. Nakuapia alikuwa na machozi.

"Karibu, mama," alisema. "Kaa."

Chelangat alikitazama kile kiti. Akatazama nyasi. Akatazama kule chini, kwenye miti ya blugamu. Kisha akavuta breki, akajishusha kutoka kwenye kiti chake mpaka ardhini, kwenye tope, na sketi yake ya samawati. Akaifunga kamba ya pindo. Akaweka viganja kwenye ngazi ya kwanza na kujivuta.

"Hapana, hapana, mama!" Mzee akainama kumshika.

"Msiniguse."

Alilisema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Wale wanne wa zamu walirudi nyuma na mikono yao hewani. Baba alikuwa mmoja wao. Ngazi ya pili. Ya tatu. Mawe yalikuwa na changarawe, na mvua ilikuwa imeyalowesha, na miguu yake ilifuata nyuma ikigonga kila ukingo. Ngazi ya tano alipumzika, paji la uso kwenye mkono. Nilifikiri, sasa wanaona. Haiwezekani wasione.

Alipoweka kiganja kwenye ngazi ya tisa mtu mmoja alipiga makofi. Wa pili akafuata. Kisha kanisa lote likalipuka, haleluya, asifiwe, kwaya ikaanza wimbo, akina mama wakirukaruka mlangoni, Pastor akipaza sauti kwenye spika, "Imani! Imani hiyo! Mmeona imani!" Hakuna aliyekimbia kuleta simiti. Walikuwa wameona mtu anatambaa kwenye tope kwa sababu yao, na wakashukuru Mungu kwa kuwapa onyesho.

Chelangat alikaa pale juu mlangoni, amewapa mgongo, akipumua. Aliwaruhusu waimbe ubeti mmoja. Kisha akaanza kushuka, kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mbiombio. Akarudi kwenye kiti chake, akaachilia breki, akaondoka. Pastor alisema Roho amemwita pembeni kuomba. Mimi nilijua amekunywa vikombe viwili.

Hakurudi tena pale, wala katika kanisa lingine lolote. Sasa ana duka lake la kushona katika soko la Silibwet, mlango wake uko sawa na barabara, na Jumapili hufungua kama siku nyingine. Lakini kule nyumbani siku ile inasimuliwa bado kama ushuhuda. Nimeisikia kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, wakieleza kwa ufasaha jinsi dada mmoja alivyopanda kwa imani. Ngazi zimepakwa rangi mpya.

Nilimfuata mbio siku hiyo, tope likiruka mpaka mgongoni. Nilipofika nyumbani alikuwa tayari ametoka chooni, amekaa mbele ya mlango kwenye mteremko wa Baba. Alikuwa amefika kwa wakati. Nilileta karai la maji ya uvuguvugu, nikapiga magoti, nikaanza kutoa changarawe kwenye viganja vyake kwa sindano ya cherehani. Nilipomaliza mkono wa kwanza alisema, "Nilipokuwa nashuka nilikuona. Ulikuwa unapiga makofi."

"Kila mtu alikuwa anapiga," nikasema.

Alinipa mkono wa pili.

"Wale wengine hawakujua," alisema. "Wewe ulijua."